Seriamu: Metali Iliyong'arisha Karabai

Kabla umeme haujafika katika vijiji vingi vya Wilaya za Kibaha na Kisarawe, arusi, ngoma na maduka ya jioni yaliangazwa kwa karabai, taa ile ile waliyoitumia wavuvi wa dagaa wa Mafia kuvutia samaki usiku. Wengi waliipiga pampu bila kujua kuwa mwanga wake mweupe ulitokana na seriamu, metali inayohesabiwa miongoni mwa madini adimu.

Seriamu iligunduliwa mwaka 1803 na Jöns Jacob Berzelius na Wilhelm Hisinger katika mawe ya machimbo ya Bastnäs, Sweden, nchi ambayo baadaye ilikuwa mojawapo ya zile zilizosaidia kuanzisha kituo ambacho sasa ni Shirika la Elimu Kibaha. Mwaka huo huo Martin Heinrich Klaproth aliitambua nchini Ujerumani. Neno "adimu" linapotosha kidogo, kwani katika ardhi wingi wa seriamu unakaribiana na wa shaba. Kazi ni kuitenga na metali nyingine zinazofanana nayo.

Aliyeifikisha majumbani ni Carl Auer von Welsbach wa Austria. Mwaka 1891 alikamilisha utambi wa taa, ule mfuko wa kitambaa mfano wa soksi, uliolowekwa katika chumvi za metali. Kitambaa kikishaungua hubaki jivu lenye thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1. Thoriamu huvumilia joto bila kuyeyuka. Seriamu, kwa uchache wake huo, ndiyo hung'arisha mwanga. Mwaka 1903 aliichanganya na chuma, akapata kijiwe cha kutoa cheche katika viberiti vya petroli. Siku hizi seriamu hutumika pia kung'arisha vioo na kupunguza sumu katika moshi wa magari.

Nchini Tanzania imo katika mashapo ya Ngualla, Mkoa wa Songwe, ambako Serikali ilitia saini mkataba wa mgodi mwezi Aprili 2023, ikiwa na hisa asilimia 16.

Ifahamike kwamba thoriamu ina mionzi. Tambi nyingi za sasa hutengenezwa kwa itriamu, lakini za zamani bado zimo makabatini. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi lake. Kwa hiyo, wenye karabai hizo wanashauriwa wasipulize jivu la utambi, wabadilishe na kuwasha utambi mpya nje ya nyumba, wanawe mikono baada ya kazi hiyo, na wasiwaachie watoto kuuchezea.