Kabati lenye jicho: kazi ya vijana, usalama wa watoto

Tujiulize: dawa za nyumbani mwetu zinakaa wapi? Mara nyingi ni mezani, ndani ya kikapu, ama chini ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili anaona vidonge vya kinini, anafikiri ni bonbo. Vichache tu vinaweza kumwua. Parasetamoli ikizidi inaharibu maini.

Basi ninyi vijana wa Kasongo na Kabambare, mnaojifunza useremala na ufundi wa redio, kazi iko hapa: jengeni kabati zuri ambalo mlango ukifunguliwa, linaita mama.

Mbao

Tafuta mbao kavu za mvule. Urefu sentimeta 60, upana 40 na kina 20 vinatosha. Ndani weka ubao wa pili, sentimeta 4 mbele ya ule wa mgongo. Vifaa vitafichwa katikati yao. Juu ya ubao huo chonga ua, kama maua ya milango ya Unguja, na katikati ya ua toboa tundu dogo. Hapo ndipo jicho litachungulia, kwa hiyo rafu zisilizibe. Mlango nao upambe, lakini ukae sawasawa juu ya fremu, mwanga usipenye hata kidogo.

Umeme

Jicho ni fotorezistansi. Nunua moja, pamoja na tranzista BC547, rezistansi ya omu 1,000, nyingine ya omu 10,000, kengele ndogo ya volti 6 inayolia yenyewe, na majiwe 4 ya redio. Kila jiwe lina volti 1.5, jumla ni 6.

Shika tranzista, uso wake bapa ukikutazama, miguu chini. Mguu wa kushoto ni kolekta, wa kati ni bezi, wa kulia ni emita. Kisha unganisha hivi:

1. Plus ya majiwe iende kwenye omu 1,000, kisha jicho, hadi bezi.
2. Omu 10,000 iunganishe bezi na minus.
3. Emita iende minus.
4. Plus ya kengele iende plus ya majiwe, minus yake iende kolekta.

Chomelea kwa bati, madini yanayotoka katika kasiterite kama ile ya Maniema yetu. Mgongo wa jicho ufunike kwa skochi nyeusi.

Gizani jicho linazuia umeme. Mwanga ukiingia, linauachilia hadi bezi, na tranzista inafungulia kengele njia. Ikilia wakati mlango umefungwa, tafuta ufa, uzibe kwa kitambaa cheusi. Kila mama anapofungua atasikia sauti. Siku asiposikia, abadilishe majiwe.

Angalieni

Usiku bila taa jicho halioni. Kwa hiyo kabati litundikwe juu na lifungwe kwa kufuli. Na ninyi wachimba dhahabu wa Namoya, zebaki msiiweke humo wala popote nyumbani: mvuke wake ni sumu, na hakuna kengele inayousikia.

Mtoto akimeza dawa, msingoje dalili. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na pakiti yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Vijana, chukueni randa!