Mchoraji Anaposimulia: Kitabu cha Tshibumba na Kiswahili Chake

Tunapofundisha wasifu na tawasifu katika darasa la fasihi, mifano huwa ni ile ile. Tunataja maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe, tunataja Maisha Yangu ya Shaaban Robert, kisha tunakwenda kwenye Wasifu wa Siti binti Saad. Mfanyabiashara wa misafara, mshairi, mwimbaji. Mchoraji hayumo. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu ya shahada bila kuulizwa hata mara moja kama mtu anayefanya kazi kwa brashi ana maisha yanayostahili kuandikwa, na kama ameandikwa, ameandikwa kwa lugha gani.

Sehemu ya tatizo hili ni istilahi. Tukisema "msanii", wengi hufikiria mwimbaji au mwigizaji. Tanzania husema "sanaa za ufundi" wakikusudia uchoraji, uchongaji na jamaa zake, lakini hapa Uganda jina hilo humfanya mtu afikirie seremala. Katika makala haya nitasema tu wachoraji, maana ndio ninaowazungumzia.

Kuandika maisha ya wachoraji ni kazi ya zamani. Kitabu kinachotajwa zaidi ni kile cha Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo wa Italia, kilichotolewa Florence mwaka 1550 na kupanuliwa mwaka 1568. Walimu wa lugha wazingatie jambo moja: Vasari hakuandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati wake. Aliandika kwa lugha ya watu wa Toscana, ile iliyokuwa ikizungumzwa karakanani. Uamuzi huo ulisaidia sana kuipa lugha hiyo maneno ya kuzungumzia mstari, rangi na mwanga. Kwa hiyo kitabu cha wasifu kilikuwa pia kitabu cha kujenga istilahi, ijapokuwa mwandishi hakukiita hivyo.

Hata hivyo Vasari si wa kuaminiwa kwa kila neno. Anatueleza kwamba Giotto alikuwa mtoto mchungaji aliyechora kondoo juu ya jiwe, na Cimabue, mchoraji mashuhuri, akapita njiani na kumwona. Anatueleza pia kwamba Giotto alichora nzi juu ya pua ya sura fulani na mwalimu wake akajaribu kumfukuza kwa mkono. Mwaka 1934 wataalamu wawili wa Vienna, Ernst Kris na Otto Kurz, walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba visa vya namna hii hujirudia katika wasifu wa wachoraji wa nchi na karne tofauti. Mtoto wa kijijini anagunduliwa na mpita njia; picha inafanana mno na kitu chenyewe hata inadanganya ndege au watu. Anayefundisha fasihi simulizi atatambua mara moja kinachotendeka hapo. Hizo ni motifu, kama vile za kuzaliwa kwa shujaa katika tendi zetu. Liyongo na Giotto wanaweza kukaa katika mhadhara mmoja.

Tukirudi Afrika Mashariki, vitabu vipo lakini vichache sana vimeandikwa kwa Kiswahili. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, aliandika maisha yake kwa Kiingereza katika African Tapestry (1957). Sam Ntiro, mchoraji wa Kichagga aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye kuwa balozi wa Tanganyika mjini London, aliandika kitabu kwa Kiswahili, lakini kitabu hicho ni Desturi za Wachagga (1953). Kuhusu migomba na watu wa mlimani aliowachora, Kiswahili hakikupata neno. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake sasa ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, alianza mwaka 1968 hivi kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao laini, akapigwa risasi na polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Yaliyoandikwa juu yake yameandikwa na wengine, baada ya kifo chake, na zaidi kwa lugha za Ulaya. Sauti yake mwenyewe hatuna.

Ndiyo sababu kitabu ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni cha pekee. Hapo mchoraji anasema, tena anasema kwa Kiswahili.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 huko Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, katika Katanga. Alikuwa mmoja wa wachoraji waliouza picha kwa watu wa mjini: makarani, wafanyakazi wa migodi, wenye maduka. Picha hizo zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kutundikwa sebuleni. Mteja alijua anachotaka. Kulikuwa na mamba muntu, yule nguva wa Katanga. Kulikuwa na picha za Waarabu na watumwa. Kulikuwa na ile iliyoitwa kwa Kifaransa Colonie Belge, ambamo mfungwa anachapwa viboko huku ofisa wa Kizungu akitazama. Mchoraji aliyefahamu soko lake angeweza kurudia picha ile ile mara nyingi.

Tshibumba alitaka zaidi ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika nyumbani kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Wakazungumza. Tshibumba akajitambulisha kuwa si mchoraji tu bali mwanahistoria, na kwamba angeweza kuchora historia yote ya nchi. Katika miezi iliyofuata, hadi mwaka 1974, alileta picha baada ya picha, na Fabian akazinunua na kurekodi maelezo yake kwenye kanda. Kwanza Tshibumba alisimulia, kisha wakarudi kwenye picha moja moja wakiulizana. Jumla zikawa picha 101. Zinaanza kabla ya kuja kwa Wareno, zinapita kwa Msiri na kuuawa kwake mwaka 1891, mauaji ya wafanyakazi wa migodi waliogoma mwaka 1941, ghasia za Januari 1959, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, kujitenga kwa Katanga, na kufika hadi utawala wa Mobutu, uliokuwa ndio utawala wa siku ile. Kumbuka kwamba mtu huyu alikuwa akisema mambo haya ndani ya nchi ya Mobutu, mbele ya kinasa sauti cha mgeni. Ni kazi iliyohitaji moyo.

Kitabu kilitoka mwaka 1996 kwa jina Remembering the Present, kikichapishwa na chuo kikuu cha California. Nusu ya kwanza ni picha za Tshibumba kwa rangi, kila moja ikiambatana na masimulizi yake na vipande vya mazungumzo. Nusu ya pili ni insha za Fabian. Juu ya jalada ni jina la Fabian; Tshibumba anatajwa kama mwenye masimulizi na picha. Binafsi naona mpangilio huo ungeweza kugeuzwa, ingawa Fabian hakuficha chochote: maswali yake yamechapishwa, na msomaji anaona pale anapomkatiza mwenzake au anaposhindwa kumwelewa. Wasifu mwingi huficha mazungumzo yaliyouzaa. Huu unayaweka wazi, na ndiyo maana ni mgumu kuuweka katika kikapu cha wasifu au cha tawasifu. Ni maisha na kazi ya mtu mmoja iliyotungwa na wawili.

Picha inayojulikana zaidi ni ya kifo cha Lumumba. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitatu katika mji huo huo. Katika picha yake kuna misalaba mitatu kwa mbali. Haikuhitaji maelezo marefu kwa mteja wa Lubumbashi aliyekwenda kanisani kila Jumapili, na Tshibumba mwenyewe alimlinganisha Lumumba na Yesu waziwazi. Mwanahistoria wa chuo atasema hakuna misalaba iliyosimikwa mahali pale. Ni kweli. Lakini hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuonyesha lililotokea na kuonyesha maana yake, na Tshibumba alijua anafanya lipi.

Sasa tuje kwenye lugha, ambako sisi tuna la kusema kuliko wataalamu wa sanaa. Maandishi juu ya picha ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Masimulizi ni ya Kiswahili cha Lubumbashi. Msomaji wa Remembering the Present hukutana na Kiingereza, lakini kanda zilinakiliwa na maandishi ya Kiswahili yakawekwa baadaye kwenye mtandao, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoandaliwa na Fabian na Vincent de Rooij huko Amsterdam. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma.

Mwalimu atakayeyafungua bila maandalizi atashtuka. Atakuta bantu mahali pa watu, bitu mahali pa vitu, kuya mahali pa kuja, mu nyumba mahali pa nyumbani. Njo inafanya kazi ambayo sisi tungeipa ndiyo au ndiye. Upatanisho wa ngeli unalegea, Kifaransa kinaingia bila kubisha hodi. Wepesi wetu ni kusema "Kiswahili kibovu" na kufunga. Sisi wa Uganda tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo, kwa vile Kiswahili cha hapa kimeitwa cha kambini na cha wezi kwa miaka mingi, hata baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

Mwaka mmoja nilipeleka ukurasa wa maandishi hayo darasani. Wanafunzi wawili watatu walicheka. Walipofika mahali palipoandikwa juu ya nini, wote wakakubaliana kwamba msimulizi anauliza kitu kiko juu ya kitu gani. Mwanafunzi mmoja aliyekulia upande wa Kongo akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hapo anauliza kwa nini." Sentensi nzima ikageuka. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akisoma na wengine wakiandika. Lahaja ile ina kanuni zake, na asiyezijua hukosea kama anavyokosea mgeni yeyote.

Neno moja linastahili kutazamwa kwa makini zaidi: ukumbusho. Kwetu, ukumbusho ni mnara, siku ya taifa, au zawadi ya safari. Huko Lubumbashi, kama alivyoeleza Fabian, neno hilo liliitaja kazi ya picha yenyewe. Picha iliyo ukutani ni ukumbusho kwa sababu inamwamsha anayeitazama, aanze kukumbuka na kusema. Hapa sarufi inatusaidia. Kutokana na kumbuka tunapata kumbusha, kama tunavyopata washa kutokana na waka na amsha kutokana na amka. Ni kauli ya kutendesha. Picha haikumbuki, inamfanya mtu akumbuke. Jina la Kiingereza la kitabu linataja kukumbuka tu, na kile kiambishi cha kutendesha kimepotea njiani. Silaumu mfasiri, kwani Kiingereza hakina njia fupi ya kukibeba. Lakini ni mfano mzuri kuliko mingi ninayoijua wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba mofolojia si zoezi la kujaza nafasi. Ndani ya silabi moja imo nadharia nzima ya mchoraji kuhusu kazi yake.

Kwa walimu wanaotaka kujaribu, nashauri waanze na picha kabla ya maandishi. Wanafunzi wasimulie wanachokiona, kwa Kiswahili walicho nacho. Ndipo wasome alivyosimulia Tshibumba. Ndipo, wenye Kiingereza kizuri, walinganishe na tafsiri na kutaja kilichoachwa. Wasipewe kazi ya "kusahihisha" maandishi yawe sanifu. Kuyahamisha katika Kiswahili sanifu ni kazi halali, lakini iitwe kwa jina lake: tafsiri. Mtu atakayeifanya kwa masimulizi yote atakuwa ametupa kitabu tunachokikosa, yaani maisha na kazi ya mchoraji, kwa Kiswahili, kinachoweza kusomwa shuleni kutoka Kampala hadi Lindi. Ni tasnifu ya uzamili iliyo mezani ikimsubiri mwenyewe. Kwa atakayependa kupanua, Bogumil Jewsiewicki alihariri mwaka 1999 kitabu A Congo Chronicle, kuhusu sura ya Lumumba katika picha za mijini, ambamo Tshibumba yumo pamoja na wenzake.

Picha zenyewe 101 haziko Lubumbashi. Zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Tshibumba hakukiona kitabu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyepata tena habari zake, wala kaburi lake halijulikani.