Lochi si Mfagiaji wa Tangi Lako

Swali ni lile lile, linalobadilika ni lita tu: tangi langu lina lita 100, ninunue lochi wangapi ili lijisafishe? Hakuna idadi. Anayeuliza hivyo ameshaaminishwa kwamba samaki huyu anayechakura chini anakula mabaki, kinyesi na mwani, na kwa hiyo hahitaji kulishwa. Mtazame mdomo kwanza. Umeelekea chini na umezungukwa na masharubu, ambayo kazi yake ni kupapasa na kuonja mchanga akitafuta minyoo, mabuu ya wadudu na konokono wadogo. Huyu ni mwindaji. Kinyesi cha wenzake hakina cha kumshibisha, na anayengoja ashibe hicho atamwona akikonda wiki baada ya wiki, kisha atalalamika kwamba aliuziwa samaki mgonjwa.

Tuseme hata hivyo anayala mabaki yote. Yanakwenda wapi? Protini aliyokula hutoka mwilini kama amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na kurudi katika maji yale yale. Amonia haina rangi, ndiyo maana tangi huweza kung'aa huku likiua. Wanaosafisha kweli ni bakteria walioota kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati huitoa wewe kwa ndoo unapobadilisha maji. Kila lochi unayemwongeza anawaongezea bakteria hao mzigo. Hesabu hii haina njia ya mkato, hata muuzaji awe na maneno matamu kiasi gani.

Wapo watakaosema: mbona chini pamekuwa peupe tangu niwaweke? Sibishi. Lochi akichakura hutimua taka, mkondo wa chujio ukazivuta, zikaenda kuozea ndani ya sponji. Ni kufagia uchafu na kuuficha chini ya mkeka. Wengine watataja konokono, na hapo wana haki, kwa sababu lochi wa Sumatra na Borneo, Chromobotia macracanthus, yule wa rangi ya machungwa mwenye mapande meusi, huwala kweli. Ila konokono wamejaa kwa sababu unalisha kupita kiasi, na huyo uliyemnunua akiwa na sentimita 5 hupita 20, huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na hataki kukaa peke yake. Yote hayo kwa ajili ya konokono! Hoja yenye uzito zaidi ni ya lochi wa mito ya kasi, kama Sewellia lineolata wa Vietnam, ambaye hukwangua mwani juu ya mawe. Anachotafuta ni utando hai wenye vijidudu, katika maji yanayokimbia, yenye oksijeni nyingi na joto la nyuzi 20 hadi 24 hivi. Tangi likichafuka, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufa. Kumweka sebuleni Dar es Salaam mwezi Februari bila kipoza maji ni kumhukumu.

Sasa anayewataka kwa sababu anawapenda. Mchanga uwe laini, maana kokoto zenye ncha huumiza masharubu. Mfuniko usiwe na upenyo. Wawe sita au zaidi, wenye vigae na magogo ya kujificha. Walishe taa zikishazimwa, vidonge vinavyozama na minyoo iliyogandishwa. Badilisha robo ya maji kila wiki, klorini ikiwa imeondolewa, na pima amonia: isomeke sufuri. Kuhusu kuzalisha, Chromobotia usijisumbue. Kwao hupanda mito mvua zinapoanza, na katika mashamba ya samaki huchomwa sindano za homoni. Jaribu lochi kuhli, yule mwembamba mwenye umbo la nyoka: kundi kubwa, maji laini, mimea iliyosongamana. Jike akijaa mayai utaona rangi ya kijani kupitia ngozi ya tumbo. Wazazi huyala mayai yao wenyewe, kwa hiyo wahamishe mara wakishataga, na watoto wakianza kuogelea wape vikamba wadogo wa artemia walioanguliwa siku hiyo hiyo.