Uhusiano wa Kimataifa, Sehemu ya Nne: Mwanafunzi Aanzie Uasin Gishu

Lango la KUCCPS, linalowapangia wanafunzi vyuo, limefunguliwa tena, na wazazi wa hapa Eldoret hawanipi nafasi ya kupumua. Binti amefanya vyema katika historia na lugha, anataka kusomea shahada ya Uhusiano wa Kimataifa. Je, atakula nini? Nitajibu. Kwanza niruhusiwe kumaliza habari niliyoikatiza juma lililopita, kwa kuwa jibu lenyewe limo humo.

Tuliishia kwenye mkutano wa Berlin ulioigawa Afrika. Sasa tuje nyumbani. Uasin Gishu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, ilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki kwa amri ya maofisa. Desemba mwaka huohuo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alisafiri kwa reli ya Uganda na kupendezwa na nchi aliyoiona. Mwaka uliofuata serikali yake ikamwahidi Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotafuta nchi ya Wayahudi, ardhi ya kuwapa makao Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa huko Urusi. Ardhi iliyotajwa ikawa uwanda huu huu tunaolima mahindi.

Agosti 1903, mkutano wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi, ulipiga kura: 295 dhidi ya 178, tume itumwe ikakague. Watu watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, walifika mapema 1905, wakatembea uwandani, wakarudi na ripoti zisizopatana. Mkutano wa 1905 ukaikataa zawadi hiyo. Katika mabishano yote hayo ya London na Basel, Mnandi hakuulizwa neno, wala Mmaasai. Waliokuwa na dhiki ya kweli waliahidiwa ardhi ya wengine na asiyekuwa mwenyewe.

Na mwaka huohuo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi aliyeongoza upinzani dhidi ya reli na wavamizi, aliitwa kwenye mazungumzo ya suluhu. Akapigwa risasi hapohapo na Kapteni Richard Meinertzhagen wa jeshi la Waingereza. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kanuni hiyo, ambayo vitabu vya sheria ya kimataifa huieleza kwa kurasa nyingi, ilivunjwa umbali mfupi kutoka hapa nilipoketi. Miaka mitatu baadaye Makaburu walipanda uwandani na magari yao ya maksai, na mji wa Sitini na Nne, yaani Eldoret yetu, ukaanza kuota.

Nisidhaniwe kuwa naomboleza tu. Oktoba 2002 Eldoret ilipata zamu yake. Chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, viongozi wa makundi ya Somalia walikusanyika hapa, na tarehe 27 mwezi huo wakatia sahihi tamko la kusimamisha vita. Sahihi hazikuzima bunduki zote. Mazungumzo yalihamia Mbagathi, Nairobi, mwaka 2003, yakazaa serikali ya mpito mwaka 2004. Leo Somalia ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiwauliza vijana wetu wanaotaka kuwa mabalozi, wengi watakueleza Vita Baridi vizuri kuliko mkutano uliofanyika mjini kwao.

Sasa mzazi mwenzangu, jibu lako. Shahada hii huchukua miaka minne: nadharia, historia ya diplomasia, sheria ya kimataifa, uchumi wa kisiasa, utafiti. Wizara ya Mambo ya Nje haiwezi kuwaajiri wote wanaohitimu, na anayemwahidi mwanao ubalozi anamdanganya. Lakini zipo kazi za forodha, mashirika ya misaada, vyombo vya habari, na biashara inayopita Malaba na malori ya mafuta yanayojaza hapa Eldoret kuelekea Uganda. Asiyemudu gharama za Nairobi asome historia au sayansi ya siasa Kesses, katika Chuo Kikuu cha Moi; hatakuwa amepotea njia. Muhimu aongeze lugha: Kifaransa au Kiarabu, na Kiswahili fasaha, ambacho Umoja wa Afrika umekifanya lugha yake ya kazi tangu 2022.

Ila nitasema wazi: cheti bila kumbukumbu ya kwao humtoa kijana mwenye tai nzuri na maneno ya kuazima. Atatia sahihi mikataba ya maji, madini na ardhi bila kujiuliza nani hakuitwa kwenye kikao. Nchi iligawiwa hivyo mara moja na watu waliosoma sana. Kwa hiyo, kabla hujalipa karo, mpe binti yako kazi moja: akawaulize wazee wa ukoo shamba lenu lilikuwa la nani mwaka 1903. Akirudi na maswali mengi kuliko majibu, mwache ajaze fomu.

Juma lijalo: mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911.