Hedi na pistoni za Mini ya zamani: uamuzi mmoja

Injini ya mfululizo wa A, iliyoanza kufungwa kwenye gari dogo la Austin A30 mwaka 1951 ikiwa na ukubwa wa cc 803, ndiyo iliyoiendesha Mini ya Alec Issigonis tangu ilipozinduliwa mwaka 1959 kwa cc 848, na iliendelea kukuzwa hadi kufikia cc 1275 bila kuacha umbo lake la msingi mpaka Mini ya asili ilipokoma kuundwa mwaka 2000. Kwa kuwa vipuri vingi vya injini hizo hufanana kwa sura na huweza kufungika kutoka injini moja hadi nyingine, wenye magari wanaozifufua leo hushawishika kununua silinda hedi iliyosifiwa huku na pistoni zilizosifiwa kule, kana kwamba vitu hivyo viwili havijuani.

Kinachoviunganisha ni uwiano wa mgandamizo, yaani idadi ya mara ambazo mchanganyiko wa hewa na petroli husongwa pistoni inapopanda kutoka chini hadi juu ya silinda. Katika injini ya cc 1275, kila silinda ina ujazo wa cc 319 hivi, na iwapo nafasi yote inayobaki juu ya pistoni iliyofika kileleni ni cc 36.4, uwiano huo huwa karibu 9.8 kwa 1. Silinda hizohizo zikichongwa kutoka kipenyo cha milimita 70.6 hadi 73.5, ambao ndio upanuzi maarufu unaozaa injini ya cc 1380, uwiano hupanda hadi karibu 10.5 hata kama hedi haijaguswa, na petroli ya kawaida huanza kujilipukia kabla ya wakati wake.

Nafasi hiyo hupatikana kwa kupima, wala haikadiriwi kwa macho. Hedi hupinduliwa juu chini, chemba zikitazama juu, vali na plagi zikiwa mahali pake, kisha kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo hubandikwa kwa grisi juu ya chemba ya mwako, na mafuta ya taa humiminwa kwa bomba la sindano mpaka kipovu cha mwisho cha hewa kitoke tunduni. Kipimo hicho hujumlishwa na ujazo wa gasketi, wa shimo lililo kichwani mwa pistoni na wa nafasi inayobaki kati ya pistoni na uso wa bloku, na kila chemba kati ya nne hupimwa peke yake, kwa sababu chuma cha kusubu mara chache hutoka sawa.

Hedi yenyewe ina matundu matano tu upande mmoja, mawili ya kuingiza mchanganyiko yakihudumia silinda mbilimbili na matatu ya kutolea moshi, ambapo la kati hutumiwa kwa shirika. Kwa hiyo uwezo wake wa kupumua una kikomo ambacho fundi hawezi kukikwepa. Hedi yenye namba 12G295, iliyotumika kwenye Mini Cooper ya cc 998, huwindwa sana, lakini chemba zake za takribani cc 28 zilikusudiwa pistoni zenye kichwa kilichoinuka, na ikifungwa juu ya pistoni za kawaida za cc 998 bila kuchongwa uso wake, hushusha mgandamizo, hivyo mnunuzi huweza kulipia sifa na kuondoka na injini iliyolegea. Ile ya 12G940, ya injini kubwa, ina vali pana zaidi, na ikihamishiwa kwenye bloku ndogo vali za moshi hugonga ukingo wa silinda, isipokuwa bloku ichimbwe vijishimo vya kuzipisha.

Kuhusu pistoni, zile za kumiminwa hutosha kabisa kwa gari la safari za kawaida. Za kufuliwa huhimili joto na mwendo wa mashindano, lakini hutanuka zaidi zinapopata moto, hivyo huachiwa nafasi kubwa zaidi silindani na huweza kugongagonga asubuhi injini ikiwa baridi. Busara ni kuchagua ukubwa wa ziada ulio mdogo kabisa unaoondoa mikwaruzo, kwa kuwa milimita 73.5 hupunguza chuma kati ya silinda na kuielemea gasketi.

Mwinuko wa mahali nao huingia kwenye hesabu: Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini huvumilia uwiano wa juu kidogo kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mafuta yamebadilika pia. Risasi, ambayo utando wake ulikinga viti vya vali za moshi visiliwe, iliondolewa kwenye petroli ya Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo hedi ya zamani hufungwa pete za chuma kigumu kwenye viti hivyo. Kabla ya kuilipia kazi hiyo, hedi yenye vali kubwa hukaguliwa nyufa kati ya vali ya kuingiza na ya kutolea, mahali ambapo chuma ni chembamba na hupasuka mara nyingi.