Saa 72 ambazo kila mwanachuo anapaswa kuzijua

Binti anayekwenda kuanza mwaka wa kwanza chuoni huondoka nyumbani na mzigo wa nasaha: vaa nguo za heshima, usitembee usiku, jihadhari na vijana wa mjini. Wazazi husema hayo kwa mapenzi. Lakini nasaha hizo humwonya dhidi ya mgeni wa gizani, wakati mara nyingi anayedhuru ni mtu anayefahamika: mpenzi, mwenzake wa kikundi cha majadiliano, jirani wa geto, hata mhadhiri anayeshika alama zake.

Hilo la mhadhiri si uzushi. Novemba 2018, Dk. Vicensia Shule, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilisema hadharani mtandaoni wakati maktaba mpya ya Mlimani inazinduliwa. Baadaye Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ilichunguza rushwa ya ngono chuoni hapo na katika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono ndipo atoe haki ya mtu. Mwanafunzi anayetishiwa sapu au kudisko asifute ujumbe hata mmoja, na apige 113, namba ya bure ya TAKUKURU, kabla ya siku aliyoitwa na mhadhiri huyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna anayemwambia mwanachuo afanye nini likishatokea. Aliyebakwa hukimbilia kuoga, hufua nguo, hujifungia ndani siku nne. Kumbe dawa za kukinga maambukizi ya VVU, zinazomezwa kwa siku 28, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo mwisho wake ni siku tano. Kwa hiyo asioge kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Kisha hospitali. Penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hujazwa hapohapo. Kwingine PF3 hutolewa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kuisubiri karatasi hiyo kusimcheleweshee mtu dawa.

Wengi hunyamaza wakihofia kuulizwa, "Mbona huna hata jeraha?" Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, imeshajibu: si lazima kuwepo majeraha ya kujitetea ndipo ubakaji uthibitike. Na ridhaa ya mtu aliyeleweshwa haimkingi aliyemlewesha. Wavulana nao huingiliwa kwa nguvu, nao hospitali ni yao na dawa ni zilezile.

Mara nyingi wa kwanza kuambiwa ni mwenzake wa chumbani, pale hosteli ya Mabibo au kwenye chumba cha kupanga Changanyikeni. Kwa kweli, maneno ya huyu ndiyo huamua kama mtu atakwenda hospitali au atajifunika shuka. Akiuliza "Ulifuata nini kule?", mazungumzo yameisha. Aseme, "Nakuamini, twende wote," achukue bajaji, akae naye hadi atoke kwa daktari. Wenzake wanaweza pia kuzuia jambo lisitokee: kwenye sherehe, waliokwenda pamoja warudi pamoja. Mwenzao akilewa asiachwe na mtu anayejitolea "kumsindikiza".

Tangu mwaka 2021 serikali imevitaka vyuo viwe na madawati ya jinsia. Dawati ambalo mwanafunzi hajui liko jengo gani halimsaidii kitu. Wakuu wa vyuo, wekeni mahali lilipo na namba yake ya simu kwenye barua ya kujiunga, ukurasa uleule wenye maelezo ya ada. Nawe mwanachuo, leo hii ulizia hospitali ya karibu inayotoa dawa za saa 72, uwaambie wenzako wa chumbani.