Ligi Ndogo na Jasho la Wachezaji Wake

Mwezi wa Februari 2010, timu ya Memphis Grizzlies ya Marekani ilimpeleka Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, akachezee timu ya Dakota Wizards katika mji wa Bismarck, kaskazini kwenye theluji. Miezi minane tu kabla ya hapo alikuwa amechaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia ligi kuu ya mpira wa kikapu, yaani NBA. Wako wenzetu walioona haya, wakasema kijana wetu ametolewa sebuleni akapelekwa jikoni. Sisi hatukuona haya. Tulilojiuliza ni jambo jingine: je, jiko hilo ni la nani, na wale wanaopika humo hulipwa nini?

Ili kupata jibu yafaa turudi nyuma mpaka tarehe 23 Aprili 1946. Siku hiyo ilianzishwa ligi ndogo ya mpira wa kikapu katika upande wa mashariki wa jimbo la Pennsylvania, majuma sita kabla ya kuanzishwa ile ambayo baadaye ikawa NBA. Timu zilikuwa sita tu. Tano zilitoka Wilkes-Barre, Hazleton, Allentown, Lancaster na Reading, na ya sita ilitoka Binghamton katika jimbo la New York. Wilkes-Barre na Hazleton ilikuwa miji ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Mtu alishuka shimoni juma zima, na mwisho wa juma akalipa kiingilio chake kwenda kuutazama mpira katika ukumbi mdogo uliojaa moshi wa sigara.

Wachezaji nao walikuwa wafanya kazi kama watazamaji. Ligi ilicheza siku za mwisho wa juma, kwa kuwa siku nyingine watu hao walikuwa kwenye ajira zao: huyu mwalimu, huyu karani, huyu kiwandani. Waliokaa Philadelphia walijibana wanne au watano ndani ya motokaa moja wakati wa baridi kali, wakaenda zaidi ya kilomita 150, wakacheza, wakapokea ujira wa mchezo mmoja, wakarudi usiku ule ule. Jumatatu asubuhi kazi iliwangoja. Tunaposikia ligi hiyo ikiitwa ya wachezaji wa kulipwa, hapana budi tukumbuke kwamba malipo yenyewe hayakutosha kumlisha mtu.

Lakini liko jambo moja ambalo ligi hiyo ndogo ilitangulia kulitenda, na wakubwa wakaja nyuma. Katika msimu wake wa kwanza kabisa timu ya Hazleton ilikuwa na wachezaji watatu weusi: Bill Brown, John Isaacs na Zack Clayton. NBA haikuwafungulia mlango weusi mpaka mwaka 1950. (Huyo Clayton ndiye mwamuzi aliyesimama ulingoni mjini Kinshasa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman. Wengi wetu tulimwona katika picha bila ya kujua kwamba alikuwa bingwa wa mpira wa kikapu.) Tena katika msimu wa 1955-56 Hazleton hiyo hiyo iliingiza uwanjani wachezaji watano wa kuanzia, na wote watano walikuwa weusi. 

Hatusemi kwamba wenye timu wa Hazleton walikuwa watakatifu. Sababu ilikuwa nyepesi kuieleza. Tangu mwaka 1955 mpaka 1961 NBA ilikuwa na timu nane tu, maana yake kazi zisizofika mia moja kwa nchi nzima ya Marekani, na mtu mweusi alipimwa kwa kipimo kikali kuliko mwenzake. Wachezaji hodari walibaki nje kwa wingi, na ujuzi wao ukanunuliwa kwa bei rahisi. Mwenye duka hupenda mali nzuri isiyo na mnunuzi mwingine.

Miongoni mwa watano hao walikuwamo Sherman White na Floyd Lane. Mwaka 1951 wawili hawa, wakiwa wanafunzi wa vyuo mjini New York, walinaswa katika kashfa kubwa ya kupokea fedha za wacheza kamari ili kuchezea matokeo. White alifungwa gerezani. NBA iliwafungia mlango maisha yao yote. Sisi hatuitetei rushwa hata kidogo. Twasema tu kwamba vyuo vilikusanya viingilio vya maelfu ya watazamaji kwa jasho la vijana hao bila ya kuwalipa mshahara, na hasara iliyo nzito kuliko zote ikawaangukia vijana. Ligi ndogo ndiyo iliyowapa mahali pa kucheza. Lane baadaye alirudi katika chuo chake akiwa mwalimu wa timu, na jambo hilo lilitufurahisha.

Mambo ya katikati tutayapita upesi. Mwaka 1967 ilizuka ligi nyingine kubwa iliyoitwa ABA, ikawachukua wachezaji wengi. Mwaka 1977 timu ya Anchorage kutoka Alaska iliingia, na mwaka uliofuata ligi ikabadili jina ikaitwa CBA. Safari za motokaa zikageuka safari za ndege. Phil Jackson alijifunza ukocha hapo, akashinda ubingwa na timu ya Albany mwaka 1984, kisha akaenda kujipatia mataji 11 katika NBA. George Karl naye aliiongoza Albany kushinda michezo 50 kati ya 56 katika msimu wa 1990-91. Kwa makocha ngazi ilikuwa imara.

Kwa mchezaji ngazi ilikuwa na vipandio viwili. Timu ya NBA iliyopungukiwa na mtu ilimwita kwa mapatano ya siku kumi. Zikiisha, iliweza kumwita kwa kumi nyingine, na baada ya hapo ama imwajiri mpaka mwisho wa msimu, ama aende zake. Kwa Kiswahili chetu mtu wa namna hiyo aitwa kibarua. Ni kweli siku kumi hizo zilimpa fedha kuliko miezi mingi ya ligi ndogo, lakini kibarua ni kibarua, na sheria hiyo ingali ipo.

Mwaka 1999 Isiah Thomas, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa Detroit, aliinunua ligi nzima pamoja na timu zake kwa kiasi cha dola milioni 10. Timu zilizokuwa za watu wa miji mbalimbali zikawa za mtu mmoja, na mishahara ya wachezaji ikapunguzwa. Mwaka 2000 alipewa ukocha wa Indiana Pacers, na sheria za NBA hazikumruhusu kushika vyote viwili. Ligi ikabaki kama chombo kisicho na nahodha. Tarehe 8 Februari 2001, katikati ya msimu, ikafungwa. Baadhi ya timu zilijiunga na ligi nyingine kumaliza msimu, na jina la CBA lilifufuliwa baadaye, likafa kabisa mwaka 2009. Wachezaji waliolala wana kazi waliamka hawana, wala hakuna aliyewauliza neno.

Mwaka huo huo wa 2001 NBA iliunda ligi ndogo yake yenyewe, ambayo leo inaitwa G League. Hilo ndilo jiko alilopelekwa Thabeet. Yeye aliendelea kupokea mshahara wa Memphis, zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka, kama mapatano yake yalivyosema. Waliokaa naye benchi moja huko Bismarck, wakivaa jezi ile ile na kupanda basi lile lile, wengi walipata chini ya dola 26,000 kwa msimu. Kufikia msimu wa 2018-19 malipo ya kawaida yalikuwa dola 7,000 kwa mwezi, kwa miezi mitano.

Mwezi wa Julai 2020 wachezaji wa ligi hiyo walipiga kura wakaunda chama chao cha wafanya kazi, wakisaidiwa na chama cha wachezaji wa NBA.